Mama wa Adui

Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo chaanza kwa kumtaja Alexander wa Makedonia, aliyempiga Darius, mfalme wa Waajemi. Kitabu chapita upesi, maana kina habari nyingine ya kueleza. Lakini katika vita vile mna jambo linalostahili kufikiriwa.

Mwaka wa 333 kabla ya Kristo majeshi hayo mawili yalikutana Issus, kusini mwa nchi iitwayo leo Uturuki. Jeshi la Darius lilikuwa kubwa zaidi. Lakini uwanja ulikuwa mwembamba, huku mlima, huku bahari, na wingi wa askari haukupata nafasi ya kuenea. Aliyewahi kupita na mzigo katika njia za Ruwenzori ataelewa mara moja: penye kijia chembamba, watu mia si zaidi ya watu kumi. Darius alipoona safu zake zimevunjika alikimbia, akawaacha kambini mama yake Sisygambis, mkewe na watoto wake.

Kwa desturi ya siku zile, watu waliopatikana kambini walikuwa mali ya mshindi, naye aliweza kuwatenda apendavyo. Alexander alituma mjumbe kuwaambia kwamba Darius yu hai, na kwamba wao wataheshimiwa kama kwanza. Waandishi wa kale wasimulia kwamba kesho yake Sisygambis alimsujudia Hephaestion, rafiki wa mfalme, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko mfalme mwenyewe. Alipotambua kosa akaingiwa na hofu; Alexander hakumkemea, bali alimwita mama.

Mtu huyu hakuzijua Amri Kumi. Basi nani alimfundisha? Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Warumi, asema kwamba hata wasio na Torati wana sheria iliyoandikwa mioyoni mwao.

Lakini yuko atakayejibu: ile ilikuwa hesabu tu, kwa kuwa jamaa ya mfalme ina bei kubwa. Na kweli, Darius baadaye alitoa ahadi ya fedha na nchi ili warudishwe. Jibu hili si la kudharauliwa. Mwaka wa 332 mji wa Tiro ulimpinga Alexander miezi saba. Ulipoanguka, watu wapatao 30,000 waliuzwa utumwani, kwa hesabu ya mwandishi Arrian. Huko nako walikuwako mama, lakini wanao hawakuwa wafalme. Katika vijiji vya Beni, ambako tangu mwaka 2014 wengi wamechukuliwa mateka na wengine hawakurudi, hakuna atakayehitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Hata hivyo ingekuwa vibaya kusema kwamba heshima ile ya Issus ilikuwa uongo mtupu. Alexander alikufa Babeli mwaka 323. Yasimuliwa kwamba Sisygambis, aliyekwisha kumpoteza mwanawe Darius, aliposikia habari hiyo alijifunika uso, akakataa chakula, akafa siku ya tano.