Mali Iliyopewa Moto

Lipo swali la zamani ambalo kila kizazi hulikuta tena mlangoni pake: mtu aliyepata mali kwa njia ya haki, je, ana ruhusa ya kuifanyia lo lote apendalo? Wengi hujibu upesi kwamba mali ni yake, na mambo yamekwisha. Wengine hujibu upesi vilevile kwamba kila kilichozidi ni cha maskini, na mambo yamekwisha. Sisi twaona kwamba wote wawili wameondoka mezani mapema mno. Leo twataka kulitazama swali hilo katika kazi za wasanii wachache wa ng'ambo, watu wa aina ile wasioridhika kuchora picha ya kutundika ukutani, bali hujaribu mambo mapya ambayo mara nyingi hunyimwa hata jina la sanaa. Wasomaji wetu wasishangae kwamba twawapeleka mbali. Kosa la nyumbani mwetu huonekana vizuri zaidi tukiisha kuliona kwa jirani.

Wa kwanza ni wawili, Bill Drummond na Jimmy Cauty wa Uingereza. Walikuwa watu wa muziki, na kikundi chao, kilichoitwa KLF, kiliuza santuri nyingi mno katika mwaka 1991. Mwaka uliofuata waliiacha biashara hiyo ghafula, wakazuia hata santuri zao za zamani zisiuzwe tena katika nchi yao. Zilibaki fedha. Wakaunda shirika dogo la sanaa, nao wakashauriana jinsi ya kuzitumia. Hatimaye walitenda jambo ambalo hadi leo halijaacha kubishaniwa. Tarehe 23 Agosti 1994, katika banda la mashua lililoachwa kisiwani Jura, Scotland, walitia motoni noti za pauni hamsini hamsini, moja baada ya nyingine na fungu baada ya fungu, hesabu yake pauni milioni moja. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja. Mwenzao mmoja alikuwapo na kamera ya sinema, na mwandishi wa habari alikuwapo kushuhudia. Baadaye waliichukua sinema hiyo wakaionyesha mahali mbalimbali, na kila ilipokwisha waliwauliza watazamaji: je, hili lilikuwa kosa, au lilikuwa sanaa?

Kwa kuwa wao wenyewe wameuliza, si utovu wa adabu nasi kujibu. Lakini haki yataka tusikilize kwanza maneno yanayosemwa kwa kuwatetea.

Husemwa kwanza kwamba fedha zilikuwa zao, wala hawakumwibia mtu. Ni kweli. Kama wangalinunua merikebu ya anasa, au nyumba ya vyumba hamsini, nani angalipiga kelele? Twaona kwamba hasira nyingi iliyowaangukia haikutoka katika kuwapenda maskini, bali katika kuipenda noti yenyewe. Watu walioona vibaya karatasi ikiungua wangaliona vizuri kabisa kama ingaliliwa.

Husemwa pili kwamba kilichoungua ni karatasi tu. Hakuna gunia la mahindi lililoteketea kisiwani Jura, wala ng'ombe hata mmoja aliyekufa. Kesho yake ghala za Uingereza zilikuwa na chakula kile kile. Neno hili si la kijinga. Noti ni hati ya kudai kazi ya watu wengine, na anayeichoma amewasamehe wote madai yake. Walakini twapaswa kuangalia vizuri zaidi. Mtu akitupa baharini ufunguo wa ghala, hakuharibu hata punje moja ya nafaka. Lakini waliosimama mlangoni na vikapu vyao hawakufunguliwa. Hicho ndicho kilichoungua: uwezo wa kumchagua mtu fulani mwenye shida, kumwita kwa jina, na kumtendea mema.

Husemwa tatu kwamba fedha imekuwa mungu wa watu, na kwamba sanamu ya mungu wa uongo hustahili kuvunjwa. Hapa twawakaribia zaidi, maana hatuna sababu ya kuitetea sanamu hiyo. Lakini sanamu huvunjwa pia kwa kutumikishwa. Mwaka 1993 wasanii hao hao walitoa zawadi ya pauni elfu arobaini kwa yule waliyemwita kwa dhihaka msanii mbaya kuliko wote, wakatangaza kwamba akiikataa wataichoma. Aliyechaguliwa alikuwa Rachel Whiteread, mchongaji, ambaye wakati huo huo alipewa zawadi kubwa ya heshima, iitwayo Turner, kwa kuwa msanii bora. Bibi huyo aliipokea fedha ya dhihaka, akaigawa kwa wasanii wahitaji na kwa chama kinachowasaidia wasio na makao. Katika mkono wake fedha ile ile iliyotayarishiwa moto ilivuliwa ungu wake, ikawa mtumishi. Sisi twaona kwamba yeye ndiye aliyeivunja sanamu.

Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba mtu aweza kumiliki mali, kwa kuwa kila mmoja hukitunza kilicho chake kwa bidii kuliko kilicho cha wote. Lakini ikifika saa ya kukitumia, sharti akihesabu kana kwamba ni cha wote pia, awe tayari kuwashirikisha wenye haja. Basi mali ina hati mbili. Ya kwanza yasema imo katika mikono ya nani. Ya pili yasema imekusudiwa kwa nani. Wale wasemao kwamba mali ni yake na mambo yamekwisha wameisoma hati ya kwanza tu.

Lakini tusiwaache salama wale wa upande wa pili, wasemao kwamba kila kilichozidi kingalipaswa kupewa maskini. Wakristo wote wanaikumbuka karamu ya Bethania, na mwanamke aliyemmiminia Bwana wetu marhamu ya thamani kubwa. Ilikadiriwa kupita dinari mia tatu, yaani karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua. Palepale ikatolewa hesabu ya maskini ambao wangalisaidiwa kwa fedha hiyo. Bwana wetu hakuikubali hesabu hiyo, naye alimtetea mwanamke. Kwa hiyo si kila matumizi makubwa yasiyojaza tumbo ni upotevu. Wahenga wa Kiyunani walijua hivyo. Aristotle aliihesabu katika fadhila tabia ya mtu anayejua kutumia mali nyingi kwa jambo kubwa, zuri, lenye kuwafaa watu wote, na Mtakatifu Toma aliipokea fadhila hiyo katika mafundisho yake. Anayeikosa kwa upande mmoja ni bahili. Anayeikosa kwa upande wa pili ni mtu wa majivuno, atumiaye ili atazamwe.

Na hapa twawaleta wasanii wengine wawili, mume na mke, Christo na Jeanne-Claude. Mume alizaliwa Gabrovo, Bulgaria, mke alizaliwa Casablanca, Moroko, na wote wawili siku moja, 13 Juni 1935. Kazi yao ilikuwa ya ajabu: kufunika majengo na mahali pakubwa kwa kitambaa kwa siku chache, kisha kukiondoa. Mashuhuri kuliko zote ilikuwa kulifunika jengo la Reichstag mjini Berlin. Wazo hilo lilianza mwaka 1971. Miaka zaidi ya ishirini ilipita katika kuomba, kunyimwa, na kuomba tena, hata tarehe 25 Februari 1994 Bunge la Ujerumani lilipolijadili shauri hilo na kulipigia kura, wabunge 292 wakikubali na 223 wakikataa. Tangu 24 Juni hadi 7 Julai 1995 jengo lile, lenye kumbukumbu nyingi za uchungu, lilisimama limevikwa zaidi ya meta za mraba laki moja za kitambaa cheupe cha kung'aa kama fedha, kimefungwa kwa kamba za buluu. Watu milioni tano walikuja kulitazama. Hakuna aliyelipa kiingilio. Na gharama zote zililipwa na mume na mke wenyewe, bila fedha ya serikali wala ya kampuni, kwa kuuza michoro ya matayarisho aliyoichora Christo kwa mkono wake.

Msomaji mwangalifu atatuuliza mara: kuna tofauti gani? Baada ya majuma mawili kitambaa kiliondolewa, wala hakikubaki cho chote cha kushika. Si mamilioni yale yale yaliyokwenda na upepo?

Twajibu kwamba kudumu si kipimo. Marhamu ya Bethania nayo haikudumu. Harusi ya mtoto wetu haidumu, wala pilau yake, wala ngoma yake. Lakini hakuna baba mwenye akili anayesema kwamba siku ile ilipotea. Kipimo ni swali moja fupi: alipewa nani? Marhamu alipewa Mtu. Kitambaa walipewa watu wa mji mzima, pamoja na wageni wao, tajiri na maskini wakisimama kwenye nyasi zile zile. Pauni milioni moja alipewa nani? Sinema ilibaki, na swali lilibaki, nalo ni swali la kweli, hatuyadharau. Lakini ni zawadi ndogo kwa bei kubwa. Drummond mwenyewe, alipoulizwa katika mwaka 2004, alikiri kwamba nyakati nyingine hujuta, na kwamba watoto wake hujuta zaidi. Neno hilo la watoto lilitugusa. Walipoamua wanaume wawili, walikuwapo wengine ambao hawakuitwa barazani.

Tusidhani hata hivyo kwamba jambo kubwa na zuri halina hatari zake. Mwaka 1991 Christo na Jeanne-Claude walisimamisha miavuli mikubwa 3,100 katika mabonde ya Japani na California. Upepo uling'oa mmoja huko California, ukamwua mwanamke mtazamaji. Wasanii wakaamuru miavuli yote ifungwe mara moja. Na katika kuiondoa, mfanyakazi mmoja wa Japani alikufa kwa umeme. Anayetumia mali nyingi hukusanya mikono mingi, na anayekusanya mikono mingi amechukua dhamana ya roho za watu. Kusudi jema halimwondolei mzigo huo. Tajiri ye yote ajengaye, hata akijenga kanisa, na azikumbuke roho hizo mbili kabla ya kuhesabu matofali.

Liko jambo moja zaidi katika habari ya mume na mke hawa, nalo twaliona zito kuliko kitambaa chote. Kwa miaka mingi kazi zao kubwa za nje zilitangazwa kwa jina la Christo peke yake. Yeye alichora, Jeanne-Claude alipanga, alibishana na wakuu, alitafuta fedha, na mawazo yalikuwa ya wote wawili. Mwaka 1994 walitangaza kwamba kazi zote hizo, hata zile za zamani, zihesabiwe kuwa za majina mawili. Haikuwa kuongeza sifa mpya. Ilikuwa kulipa deni la zamani.

Basi na tuulizane sisi wenyewe. Kahawa au pamba ikipelekwa kwenye chama cha ushirika, daftarini huandikwa jina la nani? Mikono iliyopalilia, iliyochuma na iliyoanika, ilikuwa mingapi? Na fedha ikilipwa, barazani huitwa nani kushauriana juu yake? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twathubutu kuongeza kwamba daftari lenye jina moja kwa kazi ya mikono kumi halijaandikwa kwa haki, hata kama hesabu yake ni sahihi mpaka senti ya mwisho. Mume anayemwita mkewe na watoto wake wakubwa kabla ya kuamua juu ya mavuno hapunguzi ukuu wake. Hujipatia wasemaji wa neno ‘ngoja’, neno ambalo usiku ule kisiwani Jura halikusikika.

Mwisho, tusimalize kwa kujisifu kwamba sisi hatujachoma noti hata moja. Ni rahisi kuwacheka watu wawili wa Uingereza. Lakini kipimo chetu, alipewa nani, chapima kote. Lipo shamba lililoachwa kuwa pori huku jirani hana pa kupanda. Kuna nguo zilizolala sandukuni mpaka zimetobolewa na nondo. Na ziko fedha zilizofichwa, mwenyewe amekufa bila kumwambia mtu, nazo zimeoza pamoja naye. Moto wa Jura ulimaliza kazi yake kwa saa moja na kitu, mbele ya kamera, na waliouwasha wamewahi kuulizwa habari yake. Kutu yafanya kazi ile ile kwa miaka mingi, gizani, wala hakuna aulizaye.

Kila baba na kila mama afungue sanduku lake leo jioni, akitazame kila kilichomo, na kwa kila kimoja ajiulize kimekusudiwa kwa nani. Asipopata jibu, ajue kwamba kitu hicho kimekwisha kutiwa motoni, ijapokuwa moshi wake haujaonekana.