Jamvi kwenye Kiwanja cha Wote

Kijana mmoja, hodari wa kuandika programu, alipewa kazi na ofisi yake: kila mkataba unaosainiwa kwa OpenPGP, kiwango kinachotumika kusaini nyaraka kidijitali, ubebe namba ya jalada lake. Akasoma kiwango hicho, akakuta kwamba saini ina vijisehemu vyenye namba, na kwamba 100 hadi 110 zimeachwa kwa matumizi binafsi na majaribio. Akachukua 101. Kisha akawasha biti ya umuhimu, ile inayoiagiza programu ya msomaji: usipokijua kijisehemu hiki, hesabu saini kuwa ina kasoro.

Ofisini mambo yalikwenda vizuri. Jaribio likawa mazoea, na hakuna aliyeandika popote maana ya 101.

Siku mikataba ilipopelekwa kwa washirika wawili, balaa likazuka. Programu ya wa kwanza haikuijua 101, ikakataa saini zote ingawa hakuna herufi iliyoguswa. Wa pili naye alikuwa ameichukua 101 kwa shughuli zake: tarehe ya mwisho wa mkataba, ikihesabiwa kwa sekunde tangu mwaka 1970. Programu yake haikulalamika. Ilisoma namba za majalada kama tarehe, na mikataba hai ikawekwa kando kana kwamba imekwisha miaka mingi iliyopita. Huyu ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa hakujua kama ameumia.

Kijana akataka kukiondoa kijisehemu. Haikuwezekana: kilikuwa ndani ya sehemu inayolindwa na saini yenyewe, ukikitoa saini inabatilika. Mikataba yote ikasainiwa upya.

Mkuu wake hakumfokea. "Mwanangu," alimwambia, "kiwango hichohicho kina nafasi ya maelezo ya ziada, yenye jina la umbo la anwani ya barua pepe: neno lako, kisha kikoa cha ofisi. Kikoa ni chetu peke yetu, hatugongani na mtu. Na biti ile ungeiacha imezimwa."

Wahandisi wa intaneti walilipia somo kama hili. Mwaka 2012, waraka wao wa RFC 6648 uliwashauri waache kuyapa majina mapya kitangulizi "X-" cha majaribio, kwani majina ya muda yalikuwa yakienea kabla ya kurasimishwa, kisha hayaondoki.

Namba ya majaribio ni kiwanja cha wote. Tandika jamvi, fanya shughuli yako, ulikunje kabla ya kuondoka. Usichimbe msingi wa nyumba hapo, maana hati ya kiwanja huna, na jirani yako pia hana.