Mbuzi wa Isaka

Katika Mwanzo 27, Isaka, macho yakiwa yamefifia, alitamani nyama ya mawindo. Esau akachukua upinde, akaenda nyikani. Yakobo yeye alileta mbuzi wawili wa zizini, mamake akapika, akamwambia mzee ndiyo mawindo. Hapa kwetu Isinya mambo yamegeuka: swala ananaswa usiku kwa waya, asubuhi anaitwa mbuzi. Kuwinda wanyama pori kumepigwa marufuku Kenya tangu 1977. Nyama hiyo haina muhuri wa mkaguzi, na mama wa watu anawapikia watoto bila kujua. Kijana, kazi ni shida, najua. Lakini fungu la kumi la pesa hiyo sipokei. Njoo Jumatano baada ya maombi tuongee, na hizo waya uje nazo.