Chombo cha Kuazima: Sala, Wimbo na Utenzi wa Butiama

Mwaka 1958 mwimbaji wa Marekani, Jim Reeves, alitoa santuri ya nyimbo za dini iliyoitwa God Be with You. Wakati huo alikwisha kujulikana katika muziki wa kantri kwa nyimbo za mapenzi na majonzi ya watu waliotengana. Alipoingia katika nyimbo za kanisani hakubadili sauti. Ile ile sauti nzito na ya upole, aliyoisogeza karibu na kinasa sauti kana kwamba anamnong'oneza mtu mmoja, ndiyo aliyomwelekezea Mola wake. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, lakini nyimbo zake zimeendelea kusikilizwa katika nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo.

Msikilizaji mwenye kufikiri hana budi kujiuliza: chombo kilichotumika jana kumbembeleza mpenzi, je, kinafaa leo kumwomba Mungu? Na kama kinafaa, ni nani mwenye haki ya kukihamisha?

Kwa watu wa pwani swali hili si geni. Utenzi ulilelewa katika nyumba za Waislamu. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, unasimulia vita vya Mtume na jeshi la Herekali. Mwana Kupona alipomwandikia bintiye wosia mwaka 1858, alitumia bahari ile ile kwa mambo ya dini, unyumba na adabu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy akaitumia kusimulia jinsi Wadachi walivyoitamalaki Mrima. Utenzi ukawa umetoka katika sira ya Mtume na kuingia katika habari za mizinga, wala haukuhesabika kuwa umenajisika. Safari ya Reeves ilikuwa kinyume: yeye alitoka katika mambo ya dunia akaelekea ibadani. Hata hivyo, safari zote hizo zilibaki ndani ya nyumba moja ya imani. Swali huwa zito zaidi chombo kinapovuka kizingiti na kuingia katika nyumba ya imani nyingine.

Hilo ndilo lililotokea Butiama. Julius Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na akabatizwa Mkatoliki mwaka 1943. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Mwaka 1996, akiwa amekwisha kustaafu, zilichapishwa tenzi zake za Enjili nne na Matendo ya Mitume na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Habari za Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi kufufuka, zikawekwa katika mwendo ule ule uliobeba Tambuka.

Hapa hoja mbili huinuka. Ya kwanza yahusu kinywa. Visiwani wapo wanaomkumbuka Nyerere kwa heshima na wapo wanaomkumbuka kwa uchungu, tangu Muungano wa mwaka 1964. Mtu wa namna hiyo, aliyeshika dola, aweza kuaminiwa anapoimba ya mbinguni? Jawabu ni kwamba sala haingoji historia itoe hukumu. Utenzi mzuri haufuti deni la kisiasa, na deni la kisiasa haliwezi kuupinda mizani utenzi ulionyooka. Kila kimoja kina mahakama yake.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, nayo yahusu chombo. Mwislamu humheshimu Isa na Maryamu, lakini hakubali kwamba Isa alisulubiwa. Aliyelelewa na tenzi za Mtume akizisoma zile za Butiama, atakutana, katika mwendo anaoujua tangu utotoni, na jambo ambalo imani yake inalikanusha. Fadhaa yake isiitwe husuda. Ni fadhaa ya mtu anayesikia sauti ya nyumbani ikisema maneno ya nyumba nyingine.

Lakini mashairi hayamilikiwi kama mashamba. Aliyeazima chungu humwacha mwenyewe bila chungu. Aliyeazima bahari ya shairi humwacha mwenyewe na bahari yake. Tena mwazimishaji huyu naye aliwahi kuazima. Hamziya ya Kiswahili ni tafsiri ya kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, na hadithi nyingi za vita katika tenzi zilitoka ng'ambo.

Kinachobaki basi si haki ya kuazima, bali deni la mwazimaji. Deni hilo hulipwa kwa kujifunza kitu kwa kanuni zake. Kitabu cha Tenzi za Rohoni, kinachotumika katika makanisa mengi ya Kiprotestanti Tanzania na Kenya, kilichukua jina la utenzi. Beti zake zafuata tuni za Ulaya na Marekani. Ni sala za kweli, na zimewafariji watu wengi makaburini, lakini anayezisoma hatajua utenzi ni nini. Kule Butiama, aliyewahi kuwa Rais alikaa akahesabu mizani nane kama mwanafunzi yeyote wa chuoni. Unyenyekevu huo ni sehemu ya malipo.

Hata hivyo pana upande ambao washairi wa pwani huusahau, kwa raha ya kuona bara imekuja kuazima kwao. Mara haikuwa nyumba isiyo na vyombo. Wakurya wana litungu. Wazanaki na Wajita wana nyimbo na ngoma zao. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wamisionari wa mwanzo walizikataa ngoma kwa kuziona za kishenzi. Leo Mkatoliki wa Bunda, mji uliopata jimbo lake la kanisa mwaka 2010, husali kwa Kiswahili, lugha iliyotoka pwani. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Je, aliyevua vazi la nyumbani kwa kuambiwa ni chafu, kisha akavaa la jirani, ameazima kwa hiari?

Nyerere aweza kutetewa: alitaka utenzi utakaosomwa Musoma na Mtwara, na Kizanaki kisingefika huko. Utetezi huo ni wa haki, ila hauwaondolei lawama watu wa pwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mwenyeji hawezi kupona kama hupokea sifa tu bila yeye mwenyewe kutoka kwenda kubisha hodi kwa wengine. Siku mshairi wa visiwani atakapoketi Butiama kujifunza wimbo wa Kizanaki unavyohesabiwa, na kuuazima kwa sala yake mwenyewe, ndipo itakapojulikana kama kule kuazimana kulikuwa udugu au ukubwa wa upande mmoja.