Sadaka Ikishatoka Mkononi ni ya Nani?



Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka Bukoba na sehemu nyingine za mkoa wa Kagera, na mtikisiko wake ukafika mpaka Mwanza, upande wa pili wa ziwa. Watu walikufa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Michango ikaanza kumiminika kutoka kila upande: wafanya biashara, wafanya kazi, misikiti na makanisa, mabalozi na watu wa kawaida. Lakini mwezi wa Januari 2017 Rais John Magufuli alipokwenda Bukoba, aliwaambia wananchi kwamba Serikali haitawajengea nyumba zao, na kwamba fedha zilizochangwa ni za kutengeneza mashule, hospitali na mali nyingine za umma.

Wako waliosema: hiyo ndiyo busara, kwani shule ni ya watoto wote, na nyumba ni ya mtu mmoja. Na wako waliosema: mimi nilitoa nikimfikiria mjane aliyelala nje, sikutoa kodi. Sisi hapa hatuhukumu siasa. Tunauliza suala la dini na la ubinadamu: sadaka ikishatoka mkononi, ni ya nani? Ya aliyetoa, ya aliyekusudiwa, au ya aliyeishika?

Suala hili halikuwa zito zamani kama lilivyo leo. Zamani mtu alimjua jirani yake. Alimpelekea kibaba cha mchele usiku, mkono wa kushoto usijue uliotoa wa kulia, na mambo yakaishia hapo. Leo baina ya mtoaji na mpewaji pamesimama mfuko, kamati, akaunti ya benki na mpiga picha. Wengine husema mambo haya ya mifuko na taasisi ni ya kizungu. Si kweli. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, naye akamwelekeza aizuie ardhi yenyewe na atoe sadaka mazao yake. Basi ikawa haiuzwi, haipewi mtu, wala hairithiwi. Mazao yake yakawa ya mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni, na msimamizi akaruhusiwa kula kwa kiasi bila ya kujitajirisha. Ndio wakfu huo, ambao watu wa pwani tunaujua kwa misikiti, visima na mashamba ya wazee wetu.

Tazama basi mambo matatu yaliyomo humo. Mali imetoka kwa mwenyewe, hawezi kuirudisha. Wanaostahiki wametajwa mapema. Na msimamizi amewekewa mpaka. Kwa hiyo jawabu letu la kwanza ni hili: sadaka si ya mtoaji tena, wala haikupata kuwa ya msimamizi. Ni amana, na amana huendeshwa kwa sharti iliyotolewa nayo.

Lakini sharti nayo yaweza kugeuka pingu. Mtu ameweka wakfu kisima, na kisima kimekauka. Je, tukae tukilinda shimo? Wanazuoni wamekhitilafiana. Mahanafi wengi wamemruhusu kadhi kubadilisha wakfu uliokufa manufaa yake. Mashafii, ambao ndio madhehebu ya pwani yetu, wamekaza zaidi. Mashaka kama hayo ndiyo yaliyomfanya Frederick Goff, mtu wa benki wa Cleveland, Marekani, aanzishe mwaka 1914 mfuko wa jamii, ambamo mali za watu wengi hukusanywa, na kamati ya watu wa mji hupewa idhini ya kugeuza matumizi haja ya zamani ikiondoka. Mifuko ya namna hiyo leo imeenea ulimwenguni, na Afrika Mashariki imo.

Hapa ndipo penye ufunguo. Kugeuza kunafaa pale haja ilipoondoka, si pale msimamizi alipoona jambo jingine linalompendeza zaidi, hata likiwa jema. Haja ya nyumba Kagera haikuwa imeondoka. Kama shule ndiyo iliyotakiwa, ilikuwa wajibu kusema hivyo kabla ya kupitisha bakuli, na watu wangalitoa kwa kujua. Kheri haihalalishi kuvunja ahadi.

Na mpewaji je? Mwaka 1945 Aga Khan, Sultan Muhammad Shah, alipoanzisha Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, aliahidi kuongeza shilingi kwa kila shilingi iliyochangwa na Waislamu wenyewe. Jumuiya hiyo ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1968, lakini mafunzo yake hayakufa: anayesaidiwa awe mshirika, asiwe mtu wa kusimamishwa mbele ya kamera akipokea gunia la unga. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Suratul Baqara kwamba masimango na maudhi hubatilisha sadaka. Picha ile ni simango lisilo na sauti.

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati ya Bwisya, kisiwani Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 walikufa. Wa mwanzo kuwaokoa walionusurika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, kabla ya mfuko wowote kufunguliwa. Wao hawakuuliza nani atawaandika. Taasisi zetu haziwezi kufanya kazi kama mitumbwi ile. Lazima ziwe na daftari na kamati. Lakini daftari lile liwe wazi kwa mtoaji, na kamati ile imwulize mpewaji haja yake kabla ya kumkatia shauri.

Basi nawe, ndugu yangu, ukikabidhiwa japo mchango wa mazishi wa mtaani kwako, jua kwamba umeshika kitu kisicho chako.

Wabillahi tawfiq.