Mwuzaji Apimwe kwa Nini?

Mtumishi wa dukani hupimwa kwa kazi yake, au kwa mavazi ayapendayo?

Katika Marekani wako wanaume wapendao kuvaa nguo za kike, na baadhi yao hutafuta kazi katika maduka yauzayo nguo hizo. Si ajabu: mtu huuza vema kitu akijuacho.

Mwaka 2000 kampuni moja ya maduka ya vyakula, huko Louisiana, ilimfukuza dereva wa lori aliyeitumikia miaka 20. Hakufukuzwa kwa wizi wala kwa uvivu, bali kwa kuwa nje ya saa za kazi alivaa kike. Alishitaki, na mwaka 2002 akashindwa. Lakini tarehe 15 Juni 2020 Mahakama Kuu ya nchi, waamuzi 6 kwa 3, ilikataza kumfukuza mtu kwa sababu aliyezaliwa mwanamume aishi kama mwanamke. Habari ya kanuni za mavazi kazini haikuikata.

Wengine watataja Kumbukumbu la Torati 22:5. Neno hilo twaliheshimu. Lakini je, latuamuru kumnyima mwenzetu chakula chake?

Mwenye duka ana haki ya kudai uaminifu na adabu. Mwanamke anunuaye ana haki ya kujaribu nguo faraghani, asitazamwe na mtu. Mtumishi azishikaye haki hizo mbili, naona ni dhuluma kumfukuza.

Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.