Hongo ya Mnywa Sere

Leo ukitamka neno "hongo" mbele ya hakimu, tayari umemshtaki mtu. Zama za misafara, kwenye njia ya Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, hongo ilikuwa ada ya kupita: vitambaa, shanga na waya wa shaba, vikitolewa hadharani kwa mtemi mwenye nchi na maji. Neno ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtoaji huingilia mlango wa nyuma.

Wenye misafara waliwalalamikia sana watemi wa Ugogo, na hawakuwa wanazua. Visima haba, mamia ya wapagazi wenye kiu, na mtemi anayekuweka kambini siku kadhaa huku akipandisha dau. Ubabe huo siutetei. Lakini yaliyotokea Unyanyembe, nchi iliyozunguka Tabora, hunisumbua zaidi. Mnywa Sere, aliyeshika kiti cha utemi baada ya mtemi Fundikira mwishoni mwa miaka ya 1850, aliwatoza wafanyabiashara Waarabu ushuru wa bidhaa zao. Wakakataa, wakampiga vita, na kwenye mwaka 1860 wakamsimika Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere alibaki mtu wa porini na vita hadi alipouawa mwaka 1865.

Je, Mkasiwa alihongwa? Swali hilo halimshiki. Uliyempa kiti humpi tena kitambaa. Sisi tumezoea kusaka bahasha. Tusipoiona, tunaipa mamlaka cheti cha usafi. Lakini msimamizi, awe mtemi wa jana au ofisa wa leo, hafungwi na bahasha peke yake. Yatosha akumbuke yaliyompata aliyemtangulia. Ndiyo maana siku hizi nikisikia wanaosimamiwa wametulia, wala hawanung'uniki, huwa sifurahi upesi.

Huko huko Tabora, katika wilaya za Urambo, Sikonge na Kaliua, leo mali ni tumbaku. Sokoni, mteuzi, yaani mpanga madaraja, husimama kati ya robota la mkulima na mnunuzi, na daraja analolitaja ndilo bei. Kampuni za kununua ni chache. Wakulima ni maelfu, na wengi wana deni la mbolea walilolichukua kupitia chama chao cha msingi hata kabla ya mvua. Mteuzi anaweza kuwa mwadilifu kabisa. Siulizi anakula nini. Nauliza: akilipandisha jani daraja na mnunuzi akakunja uso, simu inapigwa kwa nani? Na akilishusha, yule mzee aliyekaa juu ya robota lake ampigie nani?